Mdogo wangu anajibu kwa ngoma, lakini mama hataki aonekane jukwaani

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni kijana wa miaka 26, mwenyeji wa Shela, Lamu. Nina mashua ya injini. Asubuhi nawapeleka watu mjini, jioni nawarudisha, na siku abiria wakiadimika natupa mshipi. Baba alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita. Nyumbani tumebaki watatu: mama, mimi na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 17.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Mama alimzaa kwa shida, akakaa kitambo bila kulia, na tangu hapo viungo havimtii. Hatembei. Ngumi zake zimekazana, mkono wa kulia umejikunja kifuani. Sauti anayo, ila maneno hayaumbiki. Shule hakupelekwa. Kiti cha magurudumu tulipewa, lakini mapito yetu unayajua: Shela mchanga, mjini ngazi na vichochoro. Nikitaka kumtoa nambeba mgongoni.

Mwaka jana nilimsikia abiria akisimulia habari za kikundi kinachokutana mjini kila Jumamosi, vijana wenye ulemavu wakifanyiwa tiba ya muziki. Nikampeleka kwa kujaribu tu. Mama alikubali kwa kudhani ni mazoezi ya viungo.

Siku ile ya kwanza ndiyo iliyoniteka. Mwalimu, mama mmoja wa makamo kutoka Malindi, hakumpigia ngoma wala kumwimbia. Alimtazama tu, kisha akaniuliza, "Kiungo gani kinamsikia?" Nikamwambia mguu wa kushoto, huo ndio anaoweza kuupeleka anakotaka. Basi akailaza ngoma sakafuni, akamvua kiatu, akauweka mguu juu ya ngozi, naye akakaa kitako kimya. Tulingoja mpaka nikaona haya. Halafu kisigino kikashuka: du. Mwalimu akajibu kwenye ngoma yake: du. Kimya tena. Du-du. Akajibiwa: du-du. Bi Mshauri, mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Miaka yote hiyo sijapata kumwona akianzisha jambo, mwenziwe akamfuata.

Sasa ni miezi minane. Jumamosi akisikia injini yangu ikinguruma anapaza sauti mpaka majirani wanajua. Kule wana desturi zao. Kuna wimbo wa kuitana majina, na kila anayeitwa lazima angojwe mpaka ajibu kwa njia yake. Mwalimu amewazoesha pia kugonga mara moja wakikubali na mara mbili wakikataa, ili wachague wimbo upi uanze na nani ashike kayamba. Yuko kijana mwenye usonji ambaye mama yake anaapa kwamba ameanza kusema maneno tangu aingie pale. Nami ndilo tumaini langu, siku moja nimsikie akiniita.

Shida imekuja hivi. Kikundi kimealikwa kwenye tamasha, jukwaani karibu na gati, wageni na wafadhili wakiwepo. Msimamizi, si yule mwalimu, anataka mdogo wangu akae mbele kabisa na ngoma yake ya mguu. Ameshampiga picha na anasema itawekwa kwenye bango, maana ndiyo itakayoleta fedha za kukiendesha kikundi mwakani.

Mama aliposikia alikaa chini. "Watu wana mato," akasema, "na mwanangu si wa kutezwa." Miaka mitatu nyuma kuna mtu alimrekodi mdogo wangu akiwa barazani, mate yakimtoka, video ikazunguka kwenye simu za mtaa na maneno ya kicheko. Mama hajasahau. Sasa anasema kama malipo ya muziki ndiyo hayo, basi hata Jumamosi haendi tena. Na huyu mama mwenyewe zamani alikuwa mwimbaji wa vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini inayopigwa kwa pembe, hakuna harusi iliyompita. Tangu mdogo wangu azaliwe hajagusa pembe. Ami yangu naye amejitia: ngoma si dawa, tena ngoma ya kukanyagwa kwa mguu ni utovu wa adabu.

Mimi naona mama anamficha mtoto kwa aibu. Nimewaza kumpeleka kimyakimya siku yenyewe, mama ajue baadaye, lakini nikiufikiria uso wake nashindwa. Na nyumbani mambo yameharibika. Mdogo wangu tangu ugomvi huu amekuwa mkaidi. Asubuhi mama akimletea uji anagonga ubao wa kitanda kwa kisigino, puu puu, hadi bakuli linamwagika. Mama analia, anasema hizo ndizo ngoma tulizomfundisha.

Nimpeleke, au nimsikilize mama?

Kaka wa Shela

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza pole, na hongera. Kumbeba mtu wa miaka 17 mgongoni kutoka gatini kila Jumamosi si mchezo, nawe umelitaja kama mtu anayetaja kubeba kikapu cha sokoni.

Unajiona umebanwa kati ya watu wawili unaowapenda. Upande mmoja mdogo wako, aliyepata mlango baada ya miaka mingi ya ukuta. Upande wa pili mama, aliyekwisha kuona mwanawe akigeuzwa kichekesho na hataki kuona tena. Katikati kuna jukwaa na tarehe inayokaribia.

Lakini nilipoirudia barua yako niliona umeandika mambo mawili mbalimbali, moja juu, jingine chini kabisa, bila kuyakutanisha. Juu umesema kikundini wamezoeshwa kugonga mara moja kwa kukubali na mara mbili kwa kukataa. Chini ukasema akiletewa uji anagonga puu puu.

Mara mbili, mwanangu.

Huenda nimekosea, mimi siko hapo penye kitanda. Labda kweli ana hasira, labda ameuhisi ugomvi wa nyumba nzima. Ila ebu fikiria kama si ukaidi. Kama anasema "sitaki" kwa lugha ile ile ambayo watu wa Jumamosi humwelewa, na huku nyumbani anajibiwa kwa kilio na bakuli jingine la uji.

Kuna namna ya kujua, na haina gharama. Anza na maswali ambayo jibu lake mnalijua nyote. Wewe ni mvulana? Huyu ni mama? Baba yuko hapa? Ukishauliza, nyamaza. Mwenye mtindio wa ubongo huenda akahitaji muda mrefu kuupata mguu wake na kuutuma, na sisi tukiona kimya cha sekunde tatu tunauliza tena, tukamvuruga akiwa njiani kujibu. Hesabu moyoni hadi kumi na tano. Halafu uliza mambo madogo ya kuchagua, kwa pande zote mbili: "Wataka mahamri?" kisha, baadaye kidogo, "Hutaki mahamri, wataka uji?" Ni kwa sababu wapo ambao wamezoea kukubali kila wanachoulizwa ili kuwaridhisha wakubwa. Rudia siku nyingine, saa nyingine, akiwa hajachoka. Ukiona majibu yanafanana, umepata kitu kikubwa kuliko tamasha lolote.

Nasema hivi kwa sababu katika barua yako nimehesabu waliotoa kauli juu ya jukwaa. Wewe, mama, ami, msimamizi. Wanne. Mwenye mguu hakuulizwa. Sikulaumu, maana hadi miezi minane iliyopita hakuna aliyekuwa na njia ya kumuuliza. Ila sasa huenda mnayo.

Watu wengi hudhani asiyesema haelewi. Mtindio wa ubongo hutokana na madhara yaliyoupata ubongo ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au punde baadaye, na kazi yake kubwa ni kuvuruga misuli. Ulimi ni msuli. Midomo ni misuli, na pumzi ya kuisukuma sauti inategemea misuli. Wapo wenye hali hii wanaoelewa kila neno linalosemwa juu ya kichwa chao, wapo ambao uelewa nao umeguswa. Mdogo wako yuko wapi kati ya hao, sijui, na nakisia hata nyinyi hamjui, maana kwenye barua sikuona popote kwamba alifanyiwa tathmini. Kenya imekuwa na vituo vya serikali vya tathmini ya elimu kwa watoto wenye ulemavu tangu 1984. Ulizia ofisi ya elimu ya kaunti kilipo kilicho karibu nanyi. Miaka 17 si kuchelewa.

Sasa nije kwenye muziki wenyewe, maana hapa moyo wako umeruka mbele kidogo. Alichofanya yule mwalimu, kukaa kimya hadi kisigino kishuke, si kubabaisha. Mwaka 1959 mpiga piano wa Marekani, Paul Nordoff, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, walianza kufanya kazi pamoja kwa njia ya namna hii: mtoto hafundishwi wimbo, bali sauti yoyote anayoitoa, hata kilio, inachukuliwa kuwa mwanzo wa muziki, na mtaalamu anaifuata. Mazungumzo ndivyo yalivyo hata yasipokuwa na maneno. Mmoja anaanza, mwingine anangoja, zamu inageuka. Mdogo wako kwa miaka 17 alikuwa wa kulishwa, kuogeshwa, kubebwa, yote ya kufanyiwa. Pale alianza yeye, mtu mzima akamfuata. Ndicho kilichomfanya acheke hadi kupaliwa, nadhani.

Lakini kwamba siku moja atakuita jina lako, mwanangu, sitaki nikupe tumaini ambalo sina. Kuhusu usonji, kama wa yule kijana mwenziwe, yalitolewa mapitio makubwa mwaka 2022 yaliyokusanya tafiti 26 na watu 1,165. Waliopata tiba ya muziki walielekea kuwa na nafuu ya jumla kuliko wengine, lakini hapakuonekana ushahidi wa wazi kwamba kusema kwao kulizidi. Huyo mama anayeapa sipingani naye, yeye ndiye anayelala na mwanawe nyumba moja. Nasema tu kwamba ule ulikuwa usonji, na wa mdogo wako ni mtindio wa ubongo, ambapo kizuizi kiko kwenye misuli ya kutamka. Huenda asiseme kabisa. Ukikaa ukingoja neno, utapitwa na kisigino.

Kisha kuna jambo ambalo limechanganywa, na si kosa lako. Umeuliza swali moja, lakini mimi nayaona matatu yamefungwa fundo moja: Jumamosi, jukwaa na picha. Mama amekasirishwa na la pili na la tatu, hasira ikamwagikia la kwanza. Ukiyafungua, huenda akakubali moja na kukataa jingine.

Picha ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa hiyo nitaipitia upesi. Mdogo wako hajatimiza miaka 18. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura yake ni taarifa. Unaweza kumwambia msimamizi kwa upole, na kwa maandishi, kwamba bango lisubiri. Kama wanahitaji picha ya kuwaonyesha wafadhili, kisigino juu ya ngoma kinatosha, uso si lazima. Na mzigo wa fedha za kikundi usimwekee mtoto mgongoni. Ukimkatalia msimamizi huenda akanuna, hilo ujiandae nalo.

Kuhusu jukwaa, zungumza kwanza na yule mwalimu, peke yenu. Muulize lengo aliloliandika kwa mdogo wako ni lipi. Kama atasema "kuanza na kungoja zamu", "kuchagua", hapo kuna tiba. Kwenye tiba hakuna kukosea mdundo, mtu akinyamaza anangojwa. Jukwaani kuna ratiba, na mshereheshaji hangoji hesabu ya kumi na tano. Tena wengi wenye mtindio wa ubongo hushtushwa na mlio wa ghafla, mwili mzima ukakazana. Baadhi wana kifafa, na taa za kuwaka na kuzima huwa hatari kwa baadhi ya hao. Kipaza sauti cha gatini si chumba cha Jumamosi. Lakini pia usije ukaniona nakukataza. Kuna vijana ambao kusimama mbele ya watu, wakapigiwa makofi kwa walichofanya na si kwa kuonewa huruma, kumewafungulia mengi. Evelyn Glennie, mpigaji ngoma wa Uskoti ambaye alipoteza usikivu akiwa mtoto, amezunguka dunia akipiga, tena mara nyingi bila viatu ili mtetemo umpandie miguuni. Ami yako hilo la mguu angelionaje, sijui. Kuhusu ngoma na dini mimi si wa kutoa hukumu, na Lamu ya Maulidi na matari haiwezi kufundishwa mambo ya ngoma na mtu kama mimi. Kama lina uzito kwenu, mwendeeni shekhe mnayemwamini, mmweleze hasa kinachofanyika.

Njia zenyewe si mbili tu. Anaweza kwenda kama mtazamaji, akiwa karibu na mashua yako, aondolewe akigonga mara mbili. Wenzake wanaweza kupiga, naye akaingia kwa wimbo mmoja mfupi, baada ya kupelekwa kuliona jukwaa siku tupu na kusikia vipaza sauti. Anaweza asiende kabisa, na Jumamosi zikaendelea. Hasara ya hiyo ya mwisho ni kwamba akija kujua wenzake walikwenda, naye angependa, utakuwa umemfungia mlango. Hasara ya ile ya katikati ni kwamba simu zimejaa kila mahali, na hakuna wa kuahidi kwamba hatarekodiwa.

Ipo na ya nne, ambayo nimeipata kwenye sentensi yako moja. Umesema mama alikuwa mwimbaji wa vugo. Mwanangu, mtu aliyegonga pembe kwenye kila harusi hamchukii muziki. Na mtu aliyeona mtoto wake akichekwa mtaa mzima, akitaka kumfunika, sina hakika kama hiyo ni aibu. Wewe unaiita aibu. Mimi ningemuuliza mwenyewe. Je, angekubali ukumbini kwenu, mchana mmoja, mbele ya shangazi na majirani wanawake anaowachagua yeye, pembe kwake na ngoma kwa binti? Huenda akakataa, kidonda cha pembe zile kinaweza kuwa kikubwa kuliko tujuavyo. Lakini nakuomba umuulize jambo jingine dogo kwanza: alipokuwa mchanga, akilia usiku, ulikuwa ukimwimbia nini? Maana inawezekana kabisa kwamba kabla ya mwalimu wa Malindi kuna mtu aliyekwisha kuanza mazungumzo haya, na hakuna aliyempongeza.

Ile ya kwenda kimyakimya ndiyo iliyonikaa rohoni. Naielewa haraka yako. Ila angalia: siri hiyo ingefanikiwa kwa sababu mdogo wako hawezi kurudi nyumbani akasema alikokuwa. Ungekuwa umetumia ukimya wake, wewe unayehangaika kuuvunja. Na mama akija kuona video ya pili, hata kama ni ya makofi, nani atamwambia tofauti?

Basi kama ningekuwa wewe, na mimi si wewe, ningeanzia kitandani asubuhi na si gatini. Mwite mama akae upande wa mguu wa kushoto. Mweleze moja ni ndiyo, mbili ni la, kisha mwache aulize yeye. Asianze na tamasha, hilo ni kubwa na linahitaji siku kadhaa, na picha za kumwonyesha, na kumpeleka aone. Aanze na bakuli. Mara nyingine si uji wenyewe. Muulizeni kama ni moto, kama ni sukari, au kama amechoka tu kula uji miaka 17.

Niandikie alivyojibu.